Miti Yako Nyumbani: Usiiuze Kabla ya Kuihesabu



Wengi wetu tulio katika mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vya Kakira, Lugazi na Kinyara tumetoka mbali. Tangu zama za ukoloni West Nile imekuwa ikitoa watu wa kwenda kufanya kazi kusini, na waliokwenda hawakuacha kwao. Mshahara unaliwa huku, lakini akiba iko nyumbani. Kwa watu wa Koboko, Maracha na Arua, akiba hiyo mara nyingi si pesa ya benki. Ni miti: mikaratusi iliyopandwa na baba, misaji iliyopandwa na ndugu, nusu eka hapa, eka moja pale.

Tuchukue mfano wa gombolola ya Ludara, wilaya ya Koboko. Wilaya hiyo ilikatwa kutoka Arua mwaka 2005, nayo inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Kwa miaka mingi tumbaku ya West Nile ilikaushwa kwa moto wa kuni, na wakulima wengi walipanda mikaratusi kwa ajili hiyo. Leo miti inatafutwa na watu wengine. Anayejenga Koboko mjini anataka boriti na mbao. Barabara ya lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba imewaleta wanunuzi wenye malori. Tena tangu vita vya Sudan Kusini vilipoanza Desemba 2013, na hasa baada ya mapigano ya Julai 2016, wakimbizi wengi wameingia West Nile, na haja ya nguzo na kuni imezidi.

Kwa hiyo mfanyakazi mwenye miti Ludara ana mali. Lakini mali isiyohesabiwa ni mali ya mwerevu anayepita. Shule zinapokaribia kufunguliwa, dalali hufika nyumbani na kusema, "Natoa milioni tatu kwa shamba lote, pesa mkononi leo." Simu hupigwa Kakira. Mwenye miti hana habari ya idadi wala unene wa miti yake, ila anajua kwamba karo inatakiwa. Anajibu, "Uzeni." Kwa neno hilo moja kazi ya miaka kumi imekwisha. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kufikiri kabla ya kulitamka neno hilo.

NANI MWENYE MITI?

Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya mwaka 2003 yasema wazi kwamba mazao ya msitu wa mtu binafsi ni mali ya mwenye msitu, naye aweza kuyatumia apendavyo, mradi uvunaji ufuate mpango wa kuutunza msitu na kanuni zilizowekwa. Sheria hiyo pia yampa mwenye miti nafasi ya kuandikisha shamba lake kwenye Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Yafaa kuandikisha. Mtu mwenye karatasi hubishana kidogo.

Lakini ardhi nyingi ya Koboko ni ya kimila, na ardhi ya kimila ina wenyewe wengi. Aliyepanda ni mmoja, aliyepalilia ni mwingine, na aliyezima moto wakati wa kiangazi huenda ni mke aliyebaki nyumbani miaka yote hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho ya mwaka 2004, yakataza kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mume au mke. Tunashauri desturi hiyo hiyo ifuatwe katika miti: wakae pamoja mume, mke, ndugu na watoto wakubwa, wakubaliane nini kiuzwe na pesa ziende wapi, kabla mnunuzi hajaitwa. Mzozo wa familia ni mlango anaoingilia mlanguzi.

Tena tutenganishe miti ya kupandwa na miti ya asili. Mvule, mshea na mkongo wa kwetu, ule ambao wataalamu huuita Afzelia africana, haikatwi hivi hivi kwa sababu tu imesimama katika shamba lako. Kwa miti hiyo lazima uanze na ofisi ya misitu ya wilaya. Mkutano wa CITES uliofanyika Panama Novemba 2022 uliiweka miti ya Afzelia ya Afrika katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya nchi na nchi inasimamiwa, na agizo la Rais namba 3 la mwaka 2023 lilipiga marufuku mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Mnunuzi akikuambia, "Mambo ya serikali niachie mimi," ujue kwamba mzigo ukikamatwa jina lako litakuwa la kwanza kutajwa.

KWANZA HESABU, HALAFU BEI

Kazi hii haihitaji mtaalamu. Yahitaji kijana mmoja mwenye daftari, utepe wa fundi cherehani na rangi kidogo. Kila mti hupimwa mzunguko wake kwenye kimo cha kifua, yaani meta 1.3 kutoka chini, kisha hutiwa alama ili usihesabiwe mara mbili. Miti igawanywe mafungu matatu: myembamba ya fito na kuni, ya kati inayofaa nguzo na boriti, na minene ya mbao. Iliyopinda iandikwe peke yake, maana mti uliopinda hata ukiwa mnene haufai nguzo.

Shamba lililopandwa kwa nafasi ya meta 3 kwa meta 3 huchukua miti 1,111 kwa hekta, yaani kama 450 kwa eka. Mingine hufa, mingine huibwa. Tuseme katika eka yako imebaki 300: minene 60, ya kati 140, myembamba 100. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Kila mtu aulize za kwao katika soko la Koboko na la Arua wiki hiyo hiyo. Ikiwa mti mnene ni shilingi 40,000 ukiwa umesimama, wa kati 8,000 na mwembamba 3,000, hesabu ni hivi: 2,400,000 na 1,120,000 na 300,000. Jumla ni shilingi 3,820,000. Yule dalali wa milioni tatu alikuwa akiomba zawadi ya shilingi 820,000, na wewe ungemshukuru.

Liko jambo jingine la kuangalia, nalo ni kipimo chenyewe. Mnunuzi wa magogo akinunua kwa meta za ujazo, muulize anapimaje. Njia ya haki ni hii: pima mzunguko wa gogo katikati, uuzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa 12.57, kisha zidisha kwa urefu. Gogo lenye mzunguko wa sentimeta 80 na urefu wa meta 4.3 lina meta za ujazo 0.219. Lakini iko njia ya zamani iliyoletwa na Waingereza, ambayo huchukua robo ya mzunguko na kuizidisha kwa yenyewe. Kwa njia hiyo gogo lile lile linakuwa 0.172 tu. Waliobuni njia hiyo walikuwa wakipunguza kwa makusudi kufidia kinachopotea katika kupasua. Si wizi, ikiwa bei ya kila meta imepandishwa kulingana nayo. Lakini ukiambiwa bei ya kipimo kimoja na ukapimiwa kwa kingine, zaidi ya sehemu moja kwa tano ya mali yako imetoweka. Katika magogo 60, ni kama magogo 13 yamebebwa bure.

NJIA NNE ZA KUUZA

Njia ya kwanza ni kuuza shamba zima kwa mkupuo, miti ikiwa imesimama. Wema wake ni kwamba pesa huja mara moja na huna gharama ya kukata. Ubaya wake ni kwamba mwenye kujua hesabu ndiye anayefaidi. Ukiwa umehesabu miti yako njia hii si mbaya, hasa kwa mtu aliye mbali ambaye hawezi kusimamia. Usipohesabu, ni kamari.

Njia ya pili ni kuuza kwa mti au kwa fungu, kila aina kwa bei yake. Mnunuzi wa nguzo huchagua nguzo, wa mbao huchukua minene, na wa kuni huchukua matawi na miti iliyopinda. Hapa mwenye mali hupata zaidi, lakini sharti awepo mtu wa kuaminika shambani kila siku ya kukata. Ahesabu visiki na kuvilinganisha na alama za rangi. Jihadhari pia na mnunuzi anayetaka kuchagua mizuri tu kwa bei ya wastani. Akiondoka na mizuri, unabaki na mibaya isiyo na mtu wa kuitaka.

Njia ya tatu ni kukata mwenyewe na kuuza magogo au nguzo kando ya barabara. Bei hupanda kwa sababu lori halihangaiki. Lakini gogo lililolala si kama mti uliosimama. Mti husubiri soko, gogo halisubiri: linapasuka kwa jua na kuliwa na mchwa, na mnunuzi anajua hivyo. Usikate kabla ya kuwa na mnunuzi aliyeahidi kwa maandishi.

Njia ya nne ni kupasua mbao na kuuza mbao zenyewe. Watu wengi hudhani hii ndiyo yenye faida siku zote, kwa kuwa mbao ni ghali kuliko gogo. Tufanye hesabu. Mbao ya inchi 4 kwa 2 yenye urefu wa futi 14 ina meta za ujazo 0.022. Msumeno wa injini unaoshikwa kwa mkono hula karibu sentimeta moja ya mti katika kila mstari, na mstari wenyewe mara nyingi hupinda. Ikiwa ni theluthi tu ya gogo letu inayogeuka mbao, tunapata mbao 3 kwa gogo, yaani 180 kwa magogo 60. Tuseme kila mbao ni shilingi 20,000: jumla 3,600,000. Toa gharama ya kupasua 6,000 kwa mbao, ambayo ni 1,080,000. Toa wachukuzi na usafiri 400,000, chakula cha mafundi na vibali 200,000. Inabaki 1,920,000. Miti ile ile ikiwa imesimama ilikuwa na thamani ya 2,400,000. Umefanya kazi mwezi mzima ili upate hasara.

Sasa ikija mashine ya msumeno wa utepe, ambayo mstari wake ni milimeta 2 au 3 tu, gogo hilo laweza kutoa mbao 4 au zaidi. Kwa mbao 240 mapato ni 4,800,000. Ukitoa gharama kwa kiwango kile kile inabaki 2,760,000. Hapo kuna faida. Lakini mashine haiji kwa ajili ya magogo 60 ya mtu mmoja. Jambo hili tutalirudia.

Mwenye kupasua akumbuke urefu unaotakiwa sokoni. Futi 14 ni karibu meta 4.3. Gogo lililokatwa meta 4 limepoteza soko kwa sababu ya sentimeta 30.

UUZE SASA AU USUBIRI?

Mti hunenepa pole pole, lakini mbao zake huongezeka haraka kuliko macho yanavyoona. Mti wenye mzunguko wa sentimeta 60 ukifika 80, ujazo wa gogo la urefu ule ule huongezeka kwa zaidi ya robo tatu, maana unene huzidishwa mara mbili katika hesabu. Zaidi ya hayo, mti unaotoka fungu la nguzo na kuingia fungu la mbao hubadilika bei. Kuuza mti mwaka mmoja kabla haujavuka mpaka huo ni sawa na kuvuna mahindi mabichi kwa kuwa njaa ya leo imekulaza macho.

Lakini kusubiri nako kuna hatari. Kiangazi cha Desemba hadi Machi huleta moto. Mchwa hawalali, wezi pia. Shamba lisilo na njia ya kukinga moto wala mtu wa kulilinda halifai kusubiriwa miaka mitano. Basi jawabu letu kwa mfanyakazi anayetafuta karo ni hili: usichanganye haja ya pesa ya leo na uamuzi wa kumaliza shamba. Uza myembamba na iliyopinda kwanza. Kufanya hivyo ni kupunguza msongamano, na miti inayobaki hupata nafasi ya kunenepa. Ikiwa hiyo haitoshi, nenda kwenye chama chenu cha akiba na mikopo kazini ukope karo, kisha ulipe kwa mshahara. Riba ya chama unaijua. Riba ya dalali anayekukopesha karo kwa rehani ya miti huijui mpaka siku anapokuja na msumeno.

MKATABA UWE WA MAANDISHI

Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 yataka mkataba wenye thamani ya zaidi ya pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, uwe wa maandishi. Shamba la miti hupita kiasi hicho kwa urahisi. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma nayo yamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo hati amsomee na kumweleza, kisha aandike jina na anwani yake mwenyewe kwenye hati hiyo. Mzee aliye nyumbani asitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hakusomewa kwa lugha yake, Kikakwa au Kilugbara.

Mkataba useme yafuatayo kwa maneno mepesi. Kinachouzwa ni miti, si ardhi. Ni miti mingapi, ya fungu gani, yenye alama gani. Bei ni kiasi gani na kipimo ni kipi. Malipo yatatangulia, au yatafanyika kwa kila lori kabla halijaondoka. Mti usitoke shambani kwa ahadi. Siku ya mwisho ya kukata na kuondoa ni ipi, na kisichoondolewa kitakuwa cha nani. Nani atachukua kibali cha kukata na cha kusafirisha kutoka ofisi ya misitu. Nani atalipa mazao ya jirani yakiangukiwa na mti. Mwenyekiti wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili watie sahihi, na kila upande ubaki na nakala. Aliye mbali atumiwe picha ya mkataba kwa simu kabla ya sahihi, si baada.

Kwa mikaratusi, ongezeni neno la visiki. Mkaratasi mmoja wa mkataba waweza kuokoa mavuno mawili yajayo, kwa maana mkaratusi huchipua tena. Mti ukatwe chini, karibu sentimeta 10 hadi 12 kutoka ardhini, mkato uwe safi na wa mshazari ili maji yateremke, gome lisichanwe. Matawi yasirundikwe juu ya visiki na mkaa usichomwe hapo. Machipukizi yakiwa makubwa, yaachwe mawili au matatu bora kwa kisiki. Mkataji mzembe huondoka na miti ya leo pamoja na ya kesho.

MKATA MITI NAYE NI MFANYAKAZI

Tusisahau wale wanaoshika msumeno. Sisi tunaodai kofia na viatu kiwandani tusiwe mabwana wabaya nyumbani. Kuangusha miti ni kazi ya hatari: mti huzunguka, tawi huvunjika, mnyororo hukatika. Mtu asiyehusika akae mbali, angalau mara mbili ya urefu wa mti unaoangushwa. Watoto wasitumwe kubeba magogo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 yamtwika mwajiri mzigo wa kumlipa aliyeumia kazini. Basi mkataba utaje mwajiri wa wakataji ni nani: mnunuzi au wewe. Ukiwaajiri wewe, gharama ya ulinzi wao iingie katika hesabu yako tangu mwanzo. Bei nzuri iliyopatikana kwa mguu wa kijana wa jirani si bei nzuri.

MMOJA HUOMBA BEI, WENGI HUIPANGA

Mwenye eka moja huenda sokoni kama mtu anayeomba. Wenye eka ishirini, majirani wa kijiji kimoja, huitwa na mnunuzi. Wakihesabu miti yao kwa daftari moja, wakatangaza kwa wanunuzi watatu au wanne kwamba wanapokea bei kwa barua zilizofungwa, zitakazofunguliwa siku moja mbele ya watu wote, dalali hawezi tena kumdanganya mmoja kwa kumwambia kwamba mwenzake amekubali bei ya chini. Mashine ya utepe inayokataa magogo 60 itakuja kwa magogo 1,000. Lori litajaa, na gharama ya safari itagawanywa. Kila mtu ahifadhi haki yake kwa kuandikwa idadi ya miti yake, na mweka hazina asome hesabu hadharani.

Somo hili si geni kwetu. Ni lile lile la kiwandani: mfanyakazi mmoja mbele ya meneja huomba, lakini chama hujadiliana. Basi utakapokwenda likizo Ludara, chukua utepe na daftari. Hesabu miti yako, ongea na familia, ongea na majirani, uliza bei mjini. Kisha upande miche mahali palipokatwa, mbali na ukingo wa kijito. Baada ya hapo dalali na aje. Atakukuta umeshika daftari, na mazungumzo yatakuwa mengine.